Uwindaji wa tembo: kilo za pembe zinazolipiwa Tanzania, na hesabu ambayo Walikale inapaswa kufanya

Mubi, wilaya ya Walikale, Kivu ya Kaskazini. Kwenye barabara inayotoka Walikale-centre kuelekea Kisangani, kila mtu anajua maana ya kilo. Kuna kilo ya kasiterite, kilo ya koltani, kilo ya nyama ya pori. Ndiyo maana habari zinazotoka Tanzania, kwamba mgeni analipa makumi ya maelfu ya dola ili apige tembo mmoja kwa ruhusa ya serikali, zinaleta swali ambalo si la kijinga: kama wao wanaruhusiwa, kwa nini sisi tunaoishi ndani ya msitu tunakatazwa?

Wengi hujibu haraka kwamba ni sheria, na mazungumzo yanaishia hapo. Lakini sheria peke yake haimshawishi mtu mwenye njaa. Kuna jibu lingine, na linapatikana kwenye pembe zenyewe: uzito wake, urefu wake, na miaka ambayo tembo anahitaji ili kuziotesha. Anayeelewa hesabu hiyo ataelewa pia kwa nini mtu anayekuja leo kuahidi utajiri wa uwindaji wa tembo katika misitu yetu anauza kitu ambacho hakipo.

Mteja wa uwindaji analipia nini

Katika biashara ya uwindaji halali, pembe za tembo hupimwa kwa ratili, kila upande peke yake. Ndoto ya wawindaji tangu zama za wakoloni ni tembo wa ratili 100, yaani kilo 45 kwa kila pembe. Tembo wa namna hiyo walikuwepo. Pembe kubwa zaidi zinazojulikana zilitoka kwenye miteremko ya Kilimanjaro mwishoni mwa karne ya 19, zikauzwa kupitia Zanzibar, na leo zimehifadhiwa London. Kila moja ilikuwa na uzito wa karibu kilo 100. Kenya nayo ilikuwa na Ahmed, tembo wa Marsabit ambaye Raisi Jomo Kenyatta alimpa ulinzi kwa amri maalumu mwaka wa 1970. Ahmed alikufa mwaka wa 1974, na mifupa yake iko kwenye makumbusho ya taifa jijini Nairobi.

Leo hali ni nyingine. Dalali mkweli humwambia mteja asitarajie ratili 100. Zimbabwe, pembe za kawaida ni takriban kilo 15 hadi 23 kila upande. Botswana, ambayo ilifungua tena uwindaji mwaka wa 2019 baada ya kuufunga mwaka wa 2014, mteja anaweza kutarajia kilo 25 hadi 30, na hilo linahesabiwa kuwa jambo zuri sana. Tanzania inaweka kiwango cha chini: tembo wa kuwindwa anapaswa kuwa na pembe za kilo 20 au urefu wa sentimita 160. Mwindaji bingwa anayemsindikiza mteja ndiye anayekadiria kabla ya risasi kutoka, na kazi hiyo si nyepesi. Kati ya robo na theluthi ya pembe imefichwa ndani ya fuvu. Pembe mbili za tembo mmoja huwa hazilingani, kwa sababu tembo, kama mtu, ana upande anaoutumia zaidi kuchimba na kuvunja, na upande huo unalika. Pembe ndefu na nyembamba inaonekana kubwa kwenye picha, lakini inaweza kuwa nyepesi kuliko fupi iliyo nene.

Kwa hiyo, mteja anayelipa pesa nyingi hanunui tembo yeyote. Ananunua dume mzee. Hapo ndipo hesabu yote inapoanzia.

Pembe ni miaka

Pembe ya tembo dume haiachi kukua mpaka anakufa, na uzito wake huongezeka zaidi katika miaka ya mwisho kuliko ya mwanzo. Dume wa miaka 20 bado ana pembe ndogo. Dume anayefika miaka 40 au 50 ndiye anayebeba pembe ambazo mwindaji anazitafuta. Jike hata akizeeka, pembe yake mara chache hupita kilo 10.

Maana yake ni kwamba pembe kubwa haiwezi kuagizwa kama mtu anavyoagiza mzigo Goma. Ili nchi iwe na dume mmoja wa kilo 30, inahitaji kuwa imemlinda kwa zaidi ya miaka 40: mvua na kiangazi, vita na amani, bila mtu kumpiga. Ukubwa wa pembe zinazopatikana katika eneo fulani ni kama kitabu cha hesabu cha eneo hilo. Unaonyesha kama wazee waliachwa waishi.

Historia ya karibu inathibitisha. Katika miaka ya 1980, wakati ujangili ulipoenea Afrika nzima, wataalamu waliona uzito wa wastani wa pembe zilizoingia sokoni ukishuka karibu nusu. Majangili walikuwa wamemaliza madume wazee, wakaanza kupiga vijana na majike. Mwezi wa Oktoba 1989, nchi wanachama wa mkataba wa CITES zilikutana Lausanne, Uswisi, zikapiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe, na marufuku hiyo ikaanza kazi mwaka wa 1990.

Mfano mwingine ni Gorongosa, nchini Msumbiji. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, kati ya 1977 na 1992, majeshi ya pande zote yaliwapiga tembo kwa ajili ya pembe na nyama. Utafiti uliotolewa mwaka wa 2021 katika jarida la Science ulionyesha kwamba majike wasio na pembe kabisa waliongezeka kutoka asilimia 18.5 kabla ya vita hadi karibu asilimia 51 kati ya waliosalia. Wenye pembe walikufa, wasio na pembe wakabaki na kuzaa.

Enduimet: ugomvi wa madume yasiyojua mpaka

Mgogoro unaotajwa sana siku hizi uko kwenye mpaka wa Tanzania na Kenya. Upande wa Kenya kuna mbuga ya Amboseli, ambako tembo wamefuatiliwa mmoja mmoja tangu mwaka wa 1972. Upande wa Tanzania, chini ya Kilimanjaro, kuna Enduimet, eneo la wanyamapori linalosimamiwa na vijiji vya wilaya ya Longido. Kenya ilifunga uwindaji wote mwaka wa 1977. Tanzania inauruhusu kwa vibali. Tembo wanavuka mpaka wakifuata maji na majani.

Katikati ya miaka ya 1990, madume kadhaa wa Amboseli walipigwa upande wa Tanzania. Kelele zilikuwa nyingi, na kwa karibu miaka 30 hakuna mwindaji aliyewagusa tena katika eneo hilo. Halafu, kati ya Septemba 2023 na miezi ya mwanzo ya 2024, madume wapatao watano waliuawa na wawindaji wenye vibali, na angalau wawili kati yao walihesabiwa kuwa na pembe za kiwango cha ratili 100.

Pande zote mbili zina hoja. Wanaotetea uwindaji wanasema dume mzee ameshazaa vya kutosha, pesa zake zinalipa walinzi na zinaingia katika vijiji, na idadi inayoruhusiwa ni ndogo. Ni kweli kwamba kwa miaka ya karibuni Tanzania imejiwekea kikomo cha tembo 50 kwa mwaka, yaani pembe 100, kati ya tembo wapatao 60,000.

Wanaopinga wanajibu kwamba dume wa miaka 40 si mzee aliyemaliza kazi. Uchunguzi wa Amboseli umeonyesha kwamba madume wakubwa ndio wanaozaa ndama wengi zaidi, na vijana wa kiume wanawafuata ili kujifunza njia na tabia. Tena, tembo huyo huyo alikuwa anawaletea Wakenya watalii kila mwaka. Risasi moja upande wa Tanzania inafuta mapato ya miaka upande wa Kenya.

Sisi wa Kivu tunalijua jambo hili la mpaka. Mwaka wa 2020, tembo karibu 580 walivuka kutoka Uganda wakaingia mbuga ya Virunga, ambako kwa muda mrefu walikuwa wamebaki zaidi kidogo ya mia moja. Hawakupitia kituo cha wahamiaji. Kilichowavuta ni chakula na utulivu wa upande ule kwa wakati ule.

Lakini tusisahau jambo moja kuhusu Tanzania. Hata nchi hiyo yenye walinzi, vibali na viwango vya kilo, ilipoteza asilimia 60 ya tembo wake kati ya 2009 na 2014, kutoka karibu 109,000 hadi 43,000. Hawakuuawa na watalii wenye vibali. Waliuawa na majangili. Kibali cha uwindaji hakikuwazuia.

Tembo wetu si tembo wa mbugani

Mtu wa Mubi akitazama picha za tembo wa Amboseli, anapaswa kujua kwamba anaangalia mnyama mwingine. Tangu Machi 2021, shirika la kimataifa la uhifadhi IUCN linawahesabu tembo wa Afrika kuwa aina mbili: wa mbuga za nyasi na wa msitu. Tembo wa Walikale, Maiko na sehemu ya chini ya Kahuzi-Biega ni wa msitu. Ni wadogo kwa mwili, masikio yao yana umbo la duara, na pembe zao zimenyooka kuelekea chini, nyembamba, zenye rangi inayokaribia waridi. Umbo hilo linawasaidia kupita kati ya miti.

Kwa mwindaji wa kilo, tembo wa msitu ni hesabu nyingine kabisa. Kamerun, ambayo inaruhusu uwindaji wa kitalii na ina tembo wa aina zote mbili, sheria yake inamlinda kabisa tembo ambaye pembe zake hazifiki kilo 5. Linganisha kilo 5 za Kamerun na kilo 20 za Tanzania, utaona tofauti ya matarajio.

Tofauti kubwa zaidi ni uzazi. Jike wa mbuga za nyasi huanza kuzaa akiwa na miaka 12 hadi 14 hivi. Jike wa msitu, kulingana na uchunguzi wa miaka mingi uliofanywa Dzanga, katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, huzaa mara ya kwanza akiwa na miaka kama 23, halafu anakaa miaka mitano au sita kabla ya kuzaa tena. Watafiti hao walikadiria kwamba tembo wa msitu waliouawa tangu mwaka wa 2002 watahitaji karibu miaka 90 ili idadi yao irudi kama zamani, na hiyo ni ikiwa ujangili utaisha.

Haukuisha. Kati ya 2002 na 2011, tembo wa msitu katika Afrika ya Kati walipungua kwa asilimia 62. Ndiyo sababu IUCN iliwaweka kwenye daraja la hatari kubwa kabisa, ngazi moja kabla ya kutoweka porini.

Walikale imebaki na nini

Historia ya eneo letu na pembe ni ndefu. Kiswahili chenyewe tunachokisoma hapa kilifika Maniema na kandokando ya mto Kongo pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Zanzibar. Tippu Tip, mkubwa wao, aliwekwa na Mfalme Leopold wa Pili kuwa gavana wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, mwaka wa 1887. Pembe zilikwenda, lugha ikabaki.

Pigo la siku zetu lilikuja na vita na madini. Mbuga ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa mwaka wa 1970 na kupanuliwa mwaka wa 1975 mpaka ikaingia Walikale na Shabunda, iliwekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka wa 1997. Katika sehemu yake ya juu, tembo waliokuwa mia kadhaa walimalizwa karibu wote kati ya 1996 na 2000, wakati watu wenye silaha na wachimba koltani walipoingia. Maiko, iliyoanzishwa pia mwaka wa 1970, imekaliwa na waasi wa Simba na wajukuu wao kwa makumi ya miaka.

Na hapa karibu, Bisie. Inasimuliwa kwamba mwindaji ndiye aliyegundua kasiterite ya Bisie mwaka wa 2002, alipokuwa anatafuta nyama msituni. Kwa muda mfupi maelfu ya watu walihamia mlimani, wakilishwa kwa nyama ya pori, na bunduki zikawa nyingi kuliko majembe. Leo Bisie ni mgodi wa kisasa, na bati lake linahesabika katika soko la dunia. Lakini tuliona mwezi wa Machi 2025: vita vilipokaribia na M23 wakaingia Walikale-centre, kampuni ilisimamisha kazi, na maduka ya barabarani yakasikia njaa mara moja. Mpaka kazi ilipoanza tena mwezi wa Aprili, kila mtu alikuwa ameelewa ni hatari gani kutegemea kitu kimoja.

Katika hali ya namna hii, kampuni ya uwindaji ingemwambia mteja wake nini? Kwamba atembee majuma matatu msituni, katikati ya vikundi vya silaha, akitafuta mnyama ambaye hata walinzi mara nyingi wanaona kinyesi na nyayo zake tu, na kwamba akimpata, pembe zake huenda zikawa nusu ya kiwango cha chini cha Tanzania au chini ya hapo? Hakuna dalali mkweli anayeweza kuuza safari hiyo. Anayeiuza si dalali wa uwindaji. Anatafuta pembe, na anatafuta kijana wa kijijini wa kumletea.

Sheria inasimama wapi

Sheria ya Kongo haikatazi uwindaji wote. Sheria ya tarehe 28 Mei 1982 inapanga vibali, misimu na maeneo ya uwindaji, na kwenye karatasi maeneo hayo yapo, hata Rutshuru. Lakini tembo yuko kwenye orodha ya wanyama wanaolindwa kabisa. Sheria ya uhifadhi ya tarehe 11 Februari 2014 inaongeza kifungo na faini kwa anayeua au kuuza mnyama wa namna hiyo. Kimataifa, tembo wa Kongo wako kwenye orodha kali zaidi ya CITES, na nchi yetu haina mgao wowote wa kusafirisha nyara za tembo. Hata kama mtu angekuonyesha karatasi yenye muhuri, pembe hiyo haiwezi kuvuka mpaka kihalali.

Pamoja na hayo, malalamiko ya wakaaji yana ukweli. Mara nyingi anayekamatwa ni kijana aliyebeba, si mkubwa aliyetuma wala aliyetoa bunduki. Tembo akila shamba la ndizi, hakuna anayelipa. Na watu walioondolewa katika ardhi zao ili mbuga zipanuliwe bado wanasubiri. Uhifadhi usiojibu mambo haya utaendelea kuonekana kama jambo la wageni.

Njia iliyo wazi

Kuna jambo moja ambalo Tanzania inaweza kutufundisha, na si bunduki. Enduimet ni eneo ambalo vijiji vyenyewe vina mamlaka juu yake na vinapata sehemu ya mapato. Kongo nayo ina mlango wa namna hiyo. Amri ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii kuomba msitu wao wa kimila, mpaka hekta 50,000, na kuumiliki bila kikomo cha muda. Jamii za Walikale ni kati ya zile zilizotangulia kutumia nafasi hiyo.

Katika misitu hiyo, tembo aliye hai ana thamani inayoweza kuhesabiwa. Utafiti wa mwaka wa 2019 ulikadiria kwamba tembo wakitoweka, misitu ya Afrika ya Kati itapoteza asilimia 7 ya kaboni inayoshikiliwa na miti, kwa sababu wao ndio wanaopunguza miche midogo na kupanda mbegu za miti mikubwa yenye mbao nzito. Wakati makampuni yanakuja kuzungumza na bami wetu juu ya kaboni, hoja hiyo inapaswa kuwa mezani, pamoja na swali la nani atapokea pesa na nani atazikagua.

Kwa hiyo, mtu akifika Mubi na ahadi juu ya tembo, iwe ya uwindaji, ya utalii au ya kaboni, shirika la raia na wazee wamuulize mambo matatu. La kwanza: tembo wangapi wamehesabiwa katika msitu huu, na nani aliyewahesabu? La pili: kibali chako kimetolewa na nani, na tunaweza kukipeleka kwa ICCN kikathibitishwe? La tatu: pesa zitapita katika mkono wa nani kabla ya kufika kijijini? Asiyekuwa na jibu la swali la kwanza hana biashara ya kuzungumza.

Ndama wa tembo anayezaliwa mwaka huu upande wa Maiko atahitaji miaka 40 ili awe dume mwenye pembe za kuhesabika. Wakati huo watoto wanaosoma leo shule za msingi za Mubi watakuwa na wajukuu. Uamuzi wa kama kutakuwa na kitu cha kuwaonyesha haufanywi Dar es Salaam wala Nairobi. Unafanywa hapa, kila mara mtu anapokuja kuuliza nani anajua njia ya tembo.